Damu ya Sylviane

Sylviane alizaliwa Jumanne saa nne asubuhi katika zahanati moja ya Kakuma, akiwa na kilo tatu na ushei. Kabla kondo la nyuma halijatoka, mkunga Atiir alikinga damu ya kitovu kwa kibuyu cha maziwa, akaikoroga kwa kijiti isije ikaganda, kama mamake alivyokuwa akikoroga damu ya ng'ombe kule kijijini Lopur. Mwingine angeenda kutafuta mfuko wa maabara, ambao haukuwepo. Yeye alitumia kilichokuwepo, na hilo peke yake linastahili heshima.

"Hii damu tuzike na kondo ama tuweke, Mama Lionel?" aliuliza.

Félicité, mkimbizi kutoka Kongo, alimtazama Lionel, kifungua mimba wake wa miaka sita, aliyekaa kwenye benchi akijikanda magoti. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu unaouma mifupa. Daktari wa Lodwar alikuwa amesema damu ya kitovu ya mdogo wake huenda ikamfaa, mradi ihifadhiwe kwenye jokofu maalumu Nairobi.

"Weka, dada. Kwetu tunazika, lakini hapa udongo haiko ya kwetu."

Kibuyu kilitundikwa nyumbani kwa Félicité. Damu haikuganda. Ilipiga mapigo; Sylviane akilala ilipunguza mwendo, akilia ilipanda hadi mdomoni mwa kibuyu ikitoa povu. Lionel akishikwa na maumivu, kibuyu kilipata joto, naye alikikumbatia mpaka akasinzia. Hakupona, lakini alisinzia. Majirani wakipita walikisalimu, "Ejok," wakaendelea na safari zao.

Mwezi wa tatu Atiir alikibeba hadi Lodwar. Ebenyo wa maabara aliipima damu, akaandika kwamba ni mbichi, ya dakika ile ile. Alishauri tu waombe vibali vya kwenda Nairobi, maana mkimbizi hatoki kambini bila karatasi.

Félicité aliomba vitatu: chake, cha Lionel na cha damu. Baada ya wiki kumi na moja, karani Nangiro alimkabidhi kimoja.

"Hii ni ya damu. Imezaliwa hapa na haiko kwa rekodi ya wakimbizi. Inaweza kwenda hata kesho."

"Na mtoto mwenye anaihitaji?"

"Yake imekataliwa, mama. Andika ingine."

Félicité aliketi siku nzima mbele ya kibuyu, kibali mkononi. Damu ikienda, ingekaa salama mahali ambapo Lionel haruhusiwi kufika. Ikibaki, ingebaki kwenye kibuyu, na kibuyu huvunjika. Aliogopa sana, wala hakuona haya kumwambia Atiir hivyo. Atiir alikuja na ngozi laini ya mbuzi, akakivika kibuyu, akaishona kwa mishono midogo iliyobana. Hakutoa ushauri wowote. Huyo ndiye mtu wa kuwa naye siku kama hiyo.

"Ibaki," Félicité akasema mwishowe. "Itamungojea kaka yake."

Sasa Sylviane anakimbia. Kila asubuhi Lionel huikoroga damu kama Atiir alivyomfundisha, naye hajaruka hata siku moja. Kibali cha damu huletwa kipya kila mwaka bila kuombwa. Cha Lionel kimekataliwa mara nne, na siku hizi anakoroga kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia unamuuma.