Nani Kamwambia Chilumba?

Jumapili alasiri huwa tunafunga milango ya duka la vigae la kina Masuma, kule Tegeta, tunakalia maboksi na kucheza mchezo wa kuwa watu wengine. Masuma ndiye msimulizi: yeye anatupa safari, mvua, majambazi na majini. Sie watatu kila mmoja ana mhusika wake, kaandikwa kwenye karatasi, na tunaamua atafanya nini. Pale penye bahati, tunarusha dadu. Mhusika akifa, karatasi inachanwa. Hakuna kulia, hakuna rufaa.

Mie ni mchonga vinyago, kibanda changu kiko Mwenge. Mhusika wangu anaitwa Chilumba, mwindaji mzee niliyemlea mwaka mzima na miezi miwili. Kwenye karatasi yake, mstari wa tabia, niliandika: hakatai chakula, maana utotoni alilalaga njaa. Mstari huo sikuubuni.

Mie pia ndiye niliyeanzisha kero ya meza yetu. Jamali wa Temeke, anayeendesha winchi bandarini, ana mhusika baharia ambaye hajawahi kukanyaga msitu. Siku moja baharia huyo akajua ghafla kwamba zimwi la msituni linaogopa chumvi. Kumbe Jamali kachungulia daftari la Masuma lenye siri za mchezo. Nikamuuliza, "Braza, wewe umesoma. Baharia wako nani kamwambia?" Tangu hapo, mtu akitumia anachokijua yeye wakati mhusika wake hakijui, meza nzima inamwimbia "nani kamwambia", na anachemsha chai. Jamali kachemsha mpaka birika limemzoea.

Sasa Jumatano ile, Mufaddal, mdogo wake Masuma, akaja kibandani na mchoro. Yeye hanijui, mie nilimtambua kwa fulana ya duka lao. "Pambo la sebuleni," akasema. Bibi kizee wa mpingo, anatabasamu, kashika bakuli, na kisogoni ana mdomo wa pili wenye meno. Ukubwa: kidole gumba. Sebule ya nani hiyo, ya panya? Hilo ni zimwi la Masuma, la kutusimamishia mchezoni. Nikachonga siku mbili, nikijua kabisa Jumapili tunakutana na nani.

Jumapili ikafika. Wahusika wetu wamelowa, wamechoka. "Mnaona nyumba," Masuma akasema kwa ile sauti yake ya asali. "Bibi mmoja anawakaribisha. Anawapa uji wa ulezi, wa moto."

"Mganga wangu anasubiri upoe," akasema Kokuberwa, nesi ambaye hata chai yetu huipuliza dakika kumi.

"Baharia anatafuta sukari," akasema Jamali.

"Na Chilumba?"

Nilikuwa na visingizio vitatu mdomoni. Jino linamuuma. Kafunga. Kasikia mbwa nje, katoka. Masuma asingenishika, hakujua kama najua. Nikaitazama karatasi yangu, imechakaa kwenye mikunjo kama kadi ya kliniki, nikausoma ule mstari wa tabia. Chilumba hajachonga bibi yeyote. Chilumba anaona bakuli na mvuke.

"Anakunywa," nikasema. "Anashukuru. Anaomba bakuli la pili."

Masuma akanipa dadu la pande ishirini. "Kuanzia kumi na tano, anapona."

Nikapata nne.

"Bakuli linamponyoka," Masuma akasema polepole. "Chilumba anaanguka."

"Mganga anamwaga uji!" Kokuberwa akapiga kelele. "Na wa baharia pia!" Hakuna aliyeuliza nani kamwambia, mzee alikuwa chini mbele ya macho yao.

Masuma akamtoa bibi wa mpingo kwenye mfuko, akamsimamisha juu ya boksi. Jamali akamwinua, akamgeuza. Chini ya mguu pana chale mbili za kisu, zile ninazoweka kwenye kila kazi yangu.

"Fundi Alfonsi! Si mkono wako huu?"

Masuma akanigeukia. "Nilimwambia Mufaddal aende kwa fundi mwingine kabisa, kule Bunju!"

"Bunju foleni, dada," nikamtetea Mufaddal.

"Kwa hiyo ulijua!" Jamali alishasimama. "Ulijua, na ukanywa? Mabakuli mawili?"

"Mie nilijua. Chilumba nani kamwambia?"

Jamali akakaa. Akamtazama bibi, akanitazama. "Ningekuwa mie," akasema, "baharia angekuwa kafunga tangu Jumatano."

Tulicheka mpaka mlinzi akagonga mlango.

Masuma hakunionea huruma, na angejaribu ningenuna. Nikaichana karatasi mwenyewe, vipande vinne, kile chenye mstari wa tabia nikakitia mfukoni. Kokuberwa na Jamali wakamkimbiza bibi na midomo yake yote miwili, kisha wakamzika mzee wangu chini ya jiwe zuri. Halafu Jamali, bila kuimbiwa na mtu, akaenda kuchemsha chai.

Masuma akanisogezea karatasi mpya. "Haya, fundi. Huyu anajua nini?"

"Hajui kitu," nikasema, nikichonga penseli kwa kisu changu. "Ila ana njaa."