Fundi Bomba na Titi la Kulia

Kabla sijamsema mume wangu, niseme kwanza kwamba mtaani kwetu hakuna fundi bomba anayemfikia. Sinki lililowashinda wenzake, yeye hulipigia magoti, akalisikiliza, akaingiza waya wake, akasukuma, na maji yakashuka yakiguna. Watu wanamwita Mzibuaji. Jina hilo analipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Basi siku niliyoamka na donge kwenye titi la kulia, gumu kama kokwa la parachichi, nilifanya kosa la kumwonyesha. Binti yetu alikuwa bado mchanga, na titi hilo ndilo alilolipenda. La kushoto alikuwa akilinyonya kwa kunifanyia hisani tu. Mzibuaji alibonyeza donge kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa vile anavyotikisa kwenye sinki za watu, akasema mrija umeziba.

Alichemsha maji, akanikanda kwa taulo la moto, kisha akaanza kusukuma kwa vidole gumba, kutoka juu kushuka kwenye chuchu, kwa nguvu zile zile anazofungulia koki zilizoota kutu. Nikasema inauma. Akasema lazima iume, uchafu ukikaa utaganda. Nikasema inatosha.

"Bado kidogo," akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na bomba.

Na mimi ni msusi, nashinda nikiwaambia wateja wavumilie huku nawavuta nywele, kwa hiyo niliona aibu kulia. Niliuma ncha ya shuka. Asubuhi akanikanda, jioni akanikanda, na kesho yake hivyo hivyo. Dada yake mkubwa, wifi yangu, alipokuja kumwona mtoto akasema titi lishaharibika, nisimpe tena mtoto asije akanyonya ugonjwa. Nikawa na madaktari wawili nyumbani, wote hawajasomea, na mimi mjinga wa tatu nikawatii. Titi likajaa, likawa jekundu, likang'aa.

Halafu mchana mmoja, jua likiwaka, nikajikuta uani nimejifunika blanketi na meno yanagongana. Nilishikwa na hofu. Nikasema liwalo na liwe, nikamchukua mtoto nikamweka kulia. Alionja, akakunja uso, akageuka akalia. Nikamrudisha, akageuka tena. La kushoto peke yake lilikuwa halimshibishi, nepi zilianza kubaki kavu, na sasa lile alilolipenda analikataa. Niliduwaa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto wangu anaweza kunikataa.

Tulikwenda zahanati wote watatu. Nesi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliniambia nifungue blauzi. Nikafungua. Akavaa miwani, akatazama. Kisha akamwomba Mzibuaji ampeleke mtoto nje akapate hewa. Mzibuaji akatoka, ila hakufika mbali. Chini ya pazia la mlangoni niliviona viatu vyake vyenye madoa ya gundi ya mabomba.

Nesi akavuta kiti karibu. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "nani amekupiga?"

Nikajitazama. Siku zote hizo nilikuwa nafumba macho kwa maumivu, sikuwa nimeangalia vizuri. Titi lilikuwa na madoa ya mviringo, mengine ya zambarau, mengine yameanza kuwa ya njano, yamepangana mawili mawili mpaka kwenye chuchu. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa kidole gumba. Swali lilikuwa jepesi na jibu nilikuwa nalo, lakini kichwani nilikuwa nasikia kitu kimoja tu: bado kidogo, bado kidogo. Vile viatu havikusogea.

"Hakunipiga," nikasema. "Alikuwa ananizibua."

"Ulimwambia aache?"

"Nilimwambia."

"Akaacha?"

Nikaanza kufunga blauzi. Nesi akafungua pazia, akamwita ndani. Nilidhani atamfokea, na kusema kweli nilitamani amfokee. Badala yake alimweleza taratibu kwamba ndani ya titi hamna uchafu ulionasa. Nyama ndiyo iliyovimba ikaibana mirija, na ukiiminya inavimba zaidi, na ukikanda kwa moto unaongeza uvimbe. Maziwa hayajaharibika, yameingia chumvi kidogo kwa sababu ya uvimbe, ndiyo maana mtoto amekunja uso. Akanipa dawa ambazo hazimdhuru anayenyonya, akasema tuweke kitambaa cha baridi, mtoto aendelee kunyonya kulia kila anapotaka, na nisipopata nafuu upesi nirudi, maana likitunga usaha itabidi wautoe. Kisha akaushika mkono wa Mzibuaji, akaupapasa kwa ncha za vidole.

"Ukimgusa, nguvu ni hii."

"Mbona sisikii kitu?"

"Ndivyo inavyotakiwa, baba."

Nyumbani Mzibuaji alinawa mikono muda mrefu, kama ametoka kwenye mtaro. Nilimwonea huruma na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja, na sikujisumbua kuchagua.

Homa ilishuka kesho yake. Nilimweka mtoto kulia, akanusa, akakunja uso, akafikiri, halafu akashika. Niliona nyota kwa maumivu, lakini nilisikia anavyomeza, na machozi yakanitoka kwa furaha. Mzibuaji alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, akashusha pumzi. Mtoto aliposhiba, baba yake akaja na kitambaa cha baridi. Akaniuliza kama aweke. Nikamwambia aweke. Akakiweka, kiganja chake juu yake, kwa wepesi wa mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ule ubaridi ulikuwa raha tupu.

"Inatosha," nikasema.

Haikuwa imetosha. Nilitaka tu kuona kama ataacha. Mkono uliinuka kabla sijamaliza neno, ukabaki hewani. Nilishtuka kuliko jana yake mbele ya nesi. Siku zote hizo kumbe alikuwa anaweza.

Nikamwacha nao hewani kidogo. Kisha nikamwambia aurudishe.