Joto la Oiva

Muuguzi alinipigia simu Jumatatu asubuhi. Alisema mume wangu Oiva amepata nafuu, moyo umetulia, anaweza kurudi nyumbani. Halafu akauliza chumba chetu cha kulala kina digrii ngapi. Nikasema thelathini na moja, kwa sababu sikujua kwamba ule ulikuwa mtihani.

"Kwa mgonjwa wa moyo haifai, Taimi," akasema.

Chumba kishuke hadi ishirini na tano kufikia Ijumaa, la sivyo Oiva atapelekwa kwenye makao ya wazee, kilomita tisini kutoka hapa. Aliyepata nafasi kule harudi upesi. Miaka hamsini na sita nimelala ubavuni mwa mtu huyo akikoroma. Wiki mbili za ukimya zilikuwa zimenitosha.

Sasa, nyumba zetu ni sita kwenye mstari mmoja, na zote zinatumia pampu moja. Pampu inavuta joto kutoka kwenye kisima kirefu kilichochimbwa ardhini, inalisukuma kwenye mabomba, na Januari, theluji ikiwa imejaa nje, tunakaa ndani bila viatu, na soksi tu. Lakini majira ya joto kama ya siku hizi hakuna aliyeyafikiria. Nikamwita fundi wa viyoyozi. Akakuna kichwa, akasema hakuna haja ya kutundika boksi la kunguruma ukutani. Kule chini ya kisima kuna ubaridi hata Julai, kilele cha joto letu. Ataunga bomba jembamba hadi chumbani, aweke kifaa chenye feni juu ya mlango, baridi ya chini ipande humo. Kazi ya nusu siku. Ila kisima ni cha wote, kwa hiyo mwenyekiti wa nyumba zetu lazima atie sahihi.

Mwenyekiti ni Kauko wa nyumba ya sita. Huyu ni yule anayekaa ngazi ya juu ya sauna, kule mvuke unakochoma zaidi, mpaka wengine wote watoke, kisha anauliza moto nani kauzima. Nilipompelekea karatasi hakuisoma hata nusu. Alisema pampu ilinunuliwa kwa ajili ya majira ya baridi, na kwamba watu wa Savo, mkoa wetu huu, wanaomwagia maji mawe ya moto ya sauna kila Jumamosi, hawawezi kushindwa na digrii thelathini.

Sikubishana. Nilimwalika kahawa Alhamisi saa tisa alasiri. Fundi nilimwambia aje Ijumaa, sahihi iko njiani.

Huku kwetu mtu akialikwa kahawa haachi kuja, na akija hanywi kikombe kimoja. Nilioka mikate ya iliki siku ileile, na jiko langu limepakana ukuta na chumba cha kulala. Pazia, ambalo huwa nalifunga tangu asubuhi, nililisahau. Umri huu, jamani.

Kauko alikuja amefunga vifungo hadi shingoni. Nikamwomba msaada mdogo kabla ya kahawa: ajilaze upande wa Oiva, anipimie kama feni ingempiga mgonjwa usoni, maana hata kama naota tu, niote vizuri. Akavua viatu, akalala. Nikaenda kupika kahawa. Kahawa nzuri haitaki haraka. Mlango niliuacha wazi, mimi si muuaji, na kila nilipochungulia nilimwona katulia tuli kama yuko mashindanoni, jasho linamwingia masikioni.

Nikaleta trei, nikampa kikombe, nikaanza kumsimulia nyonga ya dada yangu tangu siku ilipoanza kuuma. Tulimaliza kikombe cha pili kabla dada hajafika hospitali.

"Taimi," akasema mwishowe, "humu ndani ni kama sauna."

"Si kama sauna, mwenyekiti. Kwenye sauna mtu akichoka anatoka, anajitupa ziwani. Oiva hafiki hata mlangoni nisipomshika."

Hapo sikuwa natania, na sauti yangu ilinisaliti. Kauko akakitazama kikombe. Kisha akainuka, akaona umbo lake lilivyochoreka kwa jasho kwenye shuka, akaomba kalamu.

"Usimwambie mtu kwamba nililala kitandani kwako."

"Nitamwambia Oiva tu."

Fundi alimaliza Ijumaa adhuhuri. Saa kumi kipimajoto kilisoma ishirini na tatu, nami nikamsomea muuguzi namba hiyo mara mbili. Jioni Oiva alikuwa kitandani, blanketi hadi kidevuni, anakoroma kama trekta. Nikalia kidogo kwa raha, kisha nikala mikate minne.

Jumapili Kauko alikuja kumjulia hali. Nikampa habari niliyoipata kwa fundi: joto linalotolewa chumbani halipotei, linashushwa ardhini, na majira ya baridi pampu italipandisha ligawiwe nyumba zote sita. Kwa hiyo Januari, akikaa na soksi zake, ajue anaota joto lililotoka mgongoni mwa Oiva.

Kauko alifikiri. Akamtazama mgonjwa kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Basi mlishe vizuri," akasema.