Ukaguzi wa Lori la Polepole

Walimteremsha kwenye gari la polisi kwa makalio, mguu wa plasta ukitangulia, kisha askari akamtupia magongo yake. Lori lilikuwa katikati ya uwanja wa kituo, ubavu mmoja umebonyea, pua imeinuliwa kwa jeki. Kwenye bampa maganda ya nyanya yalikuwa yamekaukia.

Madereva wenzake walimwita Polepole, maana hata njia ikiwa nyeupe hakukimbia. Lakini siku ile, kwenye mteremko wa soko, aliukata usukani kulia nao ukamzungukia mikononi bure, kama kifuniko cha sufuria. Lori likashika njia yake lenyewe, likamfuata muuza nyanya mezani pake.

"Haya, mzee," alisema mkaguzi wa magari. "Unadai gari lilikushinda. Breki?"

"Breki zilishika, bwana mkaguzi."

"Tairi lilipasuka?"

"Halikupasuka. Stelingi ilikufa. Boljointi ya kushoto, kile kifundo kinacholishika gurudumu lifuate usukani. Ilishalika, ikafungwa mpira wa tyubu na waya. Tazameni wenyewe."

Meneja wa kampuni yenye lori hilo, aliyekuwa amejibanza kivulini, aliangua kicheko. "Mpira wa tyubu! Kwani lori ni manati?"

Askari naye akacheka. Bosi akicheka, nani anune?

Kule kwenye yadi ya kampuni mpira wa tyubu ulikuwa dawa ya kila ugonjwa. Dereva aliyelalamika hakugombezwa. Alipelekwa kukaa kwenye benchi la getini, na funguo zake akapewa mmoja wa waliokuwa wakingoja pale. Polepole alishalikalia benchi hilo, mpaka watoto wake wakafukuzwa shule. Ndiyo maana, alipomwambia meneja kwamba stelingi inacheza, akajibiwa, "Ikikushinda liache, benchini wamejaa wanaume," alipanda lori.

Fundi aliyeufunga mpira ule alikuwa hapo hapo, spana mkononi. Alikuwa kaka wa mkewe.

"Shemeji, waambie," Polepole alisema.

Fundi alijilaza chini ya lori, akafuta tope kwa tambara, akampisha mkaguzi aliyeinama na tochi.

"Mbona hii ni mpya?" mkaguzi alisema. "Hata grisi haijashika vumbi."

Polepole aliinama kadiri plasta ilivyomruhusu. Boljointi ilikuwa inang'aa kama kijiko cha wageni.

"Siyo yenyewe! Wameibadilisha mimi niko hospitali! Afande, lori si lililala hapa kwenu? Funguo za geti anazo nani?"

"Jibu unachoulizwa, mzee," alisema askari. Kicheko kilikuwa kimeshamwisha.

"Shemeji! Si wewe uliyeufunga mpira kwa mikono yako?"

Fundi alimsogelea akashusha sauti. "Wewe ndani unakwenda, shemeji, hata nikisema. Na mimi nikifukuzwa, dada na watoto watakula nini?" Kisha akapaza sauti, wote wasikie: "Mimi nimeikuta hivyo hivyo."

Kwa Polepole, hilo la watoto lilikuwa kweli tupu, na lilimkaba kuliko uongo wote uliosemwa uwanjani.

"Tukate mzizi wa fitina," alisema mkaguzi. "Mpandisheni."

Wakambeba, wakamkalisha nyuma ya usukani, plasta imening'inia mlangoni. Kutoka juu aliwaona watu waliojazana uzioni. Mbele yao alisimama mjane wa muuza nyanya, mtoto mgongoni. Alikuwa ameambiwa kwamba leo atajua kilichomuua mumewe.

"Zungusha kulia."

Magurudumu yakaenda kulia.

"Kushoto."

Yakaenda kushoto. Usukani ulikuwa laini. Tangu apewe lori lile hajawahi kuushika mtamu hivyo. Polepole akaukamata kwa nguvu, akauvuta, akautikisa, akaukata ghafla vile vile kama siku ile mteremkoni, akiuomba uteleze walau mara moja. Jasho likamwingia machoni. Kila alipokata, magurudumu yalimfuata.

"Tena," alisema mkaguzi, "taratibu, tupige picha."

Akazungusha tena. Alipoinua macho, mjane hakuwa akiyatazama magurudumu. Alikuwa akiitazama mikono yake.