Kuku wa Marehemu Uthmani

Sikilizeni, mimi si mtu wa mashetani. Nafundisha saikolojia kwenye shule moja ya ualimu hapa Gitega, huu mwaka wa kumi na mbili, na wanafunzi wakidhani siwasikii wananiita Madamu Mazoea. Wana haki. Kila mwaka nawaimbia wimbo ule ule: kiumbe akifanya jambo akaonja utamu, atalirudia, utamu ukikatika, ataliacha. Mbuzi hivyo, mtoto hivyo, mkurugenzi wa shule hivyo. Wanacheka, wanaandika, wanafaulu. Kwa hiyo mama aliponipigia simu kutoka Muyinga akasema marehemu baba anaita kuku wake, sikushikwa na woga. Nilishikwa na hasira.

Baba yangu, Uthmani, alikuwa fundi cherehani. Kibanda chake kimeungana na nyumba yetu, mlango unatazama barabara. Kila siku akitoka kuswali Alasiri alikuwa anaingia humo, anagonga mkasi wake mkubwa mara tatu kwenye chuma cha cherehani, ko, ko, ko, na kuku wanakuja mbio kutoka kila ua, mabawa juu. Anawamwagia mtama kupitia pengo la chini ya mlango. Siku moja nilimwambia, "Baba, kuku wako wamesoma kuliko mimi." Alicheka mpaka akapoteza tundu la sindano.

Alikufa mwezi wa pili, presha. Mama akaingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nje, hajipambi, anakaa na msiba wake. Mimi ndiye mtoto wao pekee. Nilingoja siku tatu za matanga zikapita, tukagawa nguo zote za baba sadaka, nikafunga kibanda kwa kufuli ili cherehani isiibiwe, ufunguo nikautia mkobani, nikarudi Gitega. Zuena, jirani yetu anayeuza vitumbua, aliahidi kumnunulia mama vitu sokoni. Nikajiambia mambo yamekaa sawa.

Wiki ya pili mama akapiga. "Salima, mgongo iko inaniuma. We utakuja siku gani?"

Nikamwambia mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi mafuta yakakosekana, magari ya kupitia Karusi yakawa ya kubahatisha, na niseme ukweli, sikuyatafuta sana. Akapiga tena: ana homa. Nikamwomba Zuena ampelekee vidonge. Akapiga tena: nyumba imenyamaza sana, anaongea na sufuria. Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikamwambia ajikaze.

Halafu Alhamisi moja, saa kumi alasiri, simu ikalia.

"Salima." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kuku wamekusanyika mlangoni kwa baba yako. Na mkasi imegonga."

"Mama, ufunguo wa kibanda ninao mimi."

"Mi najua. Imegonga mara tatu."

Jumamosi nilikuwa Muyinga. Mafuta ya gari nililopanda sijui yalitoka wapi.

Msinielewe vibaya, si kuku walionikimbiza. Hata kabla ya msiba mama alikuwa ameanza kusahau sahau. Mara mbili alitia chumvi kwenye chai, mara moja alimwita Zuena kwa jina la marehemu dada yake. Kama sasa anasikia wafu, basi akili inamtoka, na mimi nitabaki na mama ambaye yupo na hayupo. Hilo ndilo nililoliogopa, na kila nilichofanya baadaye nilikifanya kwa ajili ya woga huo.

Nilikaa barazani kwa Zuena nikangoja. Adhana ikapigwa, watu wakaswali, wakatoka. Kuku wakaanza kuja. Hawakukimbia. Walikuja mmoja mmoja kutoka pande zote, kumi na mmoja, wakasimama mbele ya mlango uliofungwa kufuli, shingo juu. Hakuna aliyedonoa, hakuna aliyelia. Walikuwa wanatazama pale pale ambapo mkono wa mtu mzima ungefika. Pikipiki ikapita karibu kuwagusa, hawakusogea. Mvua ikaanza, na nyinyi mnajua kuku na mvua, lakini wale walibaki wamelowa, wametulia, wanatazama mlango.

"Unaona?" Zuena akanong'ona. Vitumbua vyake vilikuwa vinaungua na hakujali.

"Wamezoea tu," nikasema.

"Wamezoea nini, Salima? Wiki ya saba hii!"

Kuku aliyekatiwa mtama huja siku mbili tatu, wiki moja, wiki mbili akiwa mbishi sana. Baadaye anakwenda kutafuta riziki kwingine. Wiki ya saba hawezi. Kama kuku hawa wanakuja bado, basi kuna mtu anawapa. Mimi mwenyewe nafundisha hivyo, na ile kanuni yangu niliyoizoea ilinisimamisha nywele.

Nikafungua kibanda. Vumbi, harufu ya mafuta ya mashine, mkasi juu ya meza, vitambaa vya wateja vimening'inia ukutani. Kuna mlango wa ndani unaoingia chumbani kwa mama, lakini baba aliuziba kwa kabati la nguo tangu mimi mdogo, kabati ambalo siku ya kuliingiza liliwatoa jasho wanaume watatu. Nikamwendea mama.

"Mama, unatoka nje?"

"Wallahi sijatoka hata hatua moja."

Mama hachezi na kiapo, wala na eda. Nikamwamini. Jioni ile alinipikia ndizi na maharage, akanisimulia habari za mtaa mzima, akacheka, akanitania kwamba nimekonda kama uzi wa baba yangu. Ukimtazama usingedhani ni mtu anayetembelewa na marehemu.

Nikarudi Gitega. Akapiga: goti. Sikwenda. Akapiga: hana hamu ya kula. Sikwenda, nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Akapiga: mkasi umegonga tena, na safari hii marehemu amekohoa, kikohozi chake kile cha asubuhi. Nikaenda. Wiki iliyofuata, meno. Sikwenda. Halafu akapiga: "Ameniita kwa jina, Salima. Kwa jina langu la usichana." Nikaomba ruhusa katikati ya mitihani, nikaenda siku ile ile. Kila nikiwepo, kibanda kilikuwa kimya na kuku walisubiri bure mpaka wakatawanyika. Kila nikiondoka, mambo yalizidi kutisha.

Nilikuwa silali vizuri. Nikafanya ujinga wa walimu wote: nikalipeleka darasani. Nikasema kuna bibi mmoja, kuku wake hivi na hivi, mwenyewe hayupo, nani anaweza kueleza? Wakajibu haraka kwamba kuna mtu anawalisha kwa siri. Sawa. Ndipo Donatienne akanyoosha mkono. Ni msichana wa Ryansoro, mpole, haongei mara mbili kwa wiki.

"Madamu, na huyo anayewalisha kuku, yeye anapata nini?"

"Vipi, anapata nini?"

"Si umetufundisha hakuna anayerudia kitu bure? Kuku wanapata mtama. Yeye, kila akiwalisha, kuna nini kinamjia?"

Niliwaambia wafungue ukurasa wowote. Nikatoka nje ya darasa, nikasimama ukutani, nikafungua simu yangu, nikatazama tarehe alizonipigia mama. Mgongo, sikwenda. Homa, sikwenda. Mkasi, nilikwenda. Goti, sikwenda. Kikohozi, nilikwenda. Karabaye, yamenifika! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Na lile kabati nikalikumbuka: tulitoa nguo zote sadaka, lilikuwa tupu, hata mwanamke mmoja angeweza kulisogeza.

Lakini nilitaka kuona. Jumatano nikaenda bila kumwambia. Saa nane mchana niliingia kibandani kupitia mlango wa barabarani, na Zuena akanifungia kufuli kwa nje, huku anasoma dua. Nikajibanza nyuma ya vitambaa. Giza, joto. Nilijua kila kitu, na bado nilikuwa naogopa kama mtoto.

Adhana ikapita. Nje nikasikia miguu midogo mchangani, mingi, halafu kimya. Kabati likakwaruza sakafu upande wa chumbani. Mlango wa ndani ukafunguka, na baba akakohoa.

Kikohozi chenyewe, jamani. Kile kile, na ule mvuto wa pumzi wa mwisho. Aliyeingia alikuwa na kofia ya baba kichwani, ile ambayo siku ya sadaka tuliitafuta hatukuiona, na anatembea kama yeye, bega la kushoto chini. Ilibidi nimtazame mara mbili ndipo nikamwona mama ndani yake. Akashika mkasi. Ko, ko, ko. Akachota mtama kwenye kopo, akainama kwa shida, akaumwaga kwenye pengo, na nje midomo ikaanza kugonga ardhi. Kisha akakaa kwenye kigoda cha baba, akatoa simu yake ndogo, akabonyeza.

Simu yangu ikalia, pale pale, nyuma ya vitambaa.

Hakupiga kelele. Hakugeuka hata. Akasema kwa upole, anavyosema mtu na mumewe, "Uthmani, pokea basi."

Nikatoka. "Mama. Ni mimi."

Akageuka. Taratibu akavua ile kofia, akaiweka magotini, na uso wake ukarudi. Nilitaka kumgombeza, wallahi nilikuwa nimeandaa maneno tangu Gitega, lakini akanitangulia.

"Nilikuita kwa mgongo, hukukuja," akasema. "Nikakuita kwa homa, ukanitumia vidonge. Nikakuita kwa baba yako, ukakuja. Donc, basi, nilifanya nini mi? We ndiye umenifundisha."

Nililia. Sikumbuki lini nililia hivyo, hata mazishini sikulia. Nikamshika miguu, nikamwambia nitakuja kila Jumamosi, aite asiite. Nikamwomba twende wote Gitega eda ikiisha. Akakataa, nyumba ni yake. Nikamwomba aache kibanda. Akakubali, "Ego, mwanangu," na akanifuta machozi na upindo wa kanga.

Na nilikwenda. Eda ikaisha, nikamwogesha, nikamvalisha, nikawa ninakwenda kila Jumamosi. Hakuna tena simu za kutisha. Darasani nafundisha pia jambo jingine, na safari hii nililifundisha nikiwa nimewageuzia wanafunzi mgongo: utamu unaotolewa kila mara, ukikatika, tabia hufa upesi, lakini unaotolewa mara moja moja, leo ndiyo kesho hapana, huo unaacha tabia isiyokufa. Miezi mizima mimi nilikuwa leo ndiyo kesho hapana.

Jumamosi ya tano tulikuwa tunakunywa chai ukumbini. Alikuwa mchangamfu, ila hakuwa ametaja jina langu tangu asubuhi. Alasiri ilipofika akaweka kikombe chini, akainuka katikati ya sentensi yangu, akaingia chumbani. Nikasikia kabati, nikasikia kikohozi. Nikamfuata. Alikuwa amevaa kofia, anagonga mkasi.

"Mama, unamwita nani? Niko hapa."

Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mteja aliyekuja kupima nguo siku ambayo fundi hayupo. "Karibu, dada," akasema. "Fundi iko msikitini. Mi nangoja mtoto wangu, anakaa Gitega. Huyo bila kusikia mkasi hakuji."

Kisha akashika simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Ningeweza kumshika mabega, kumwambia mama nitazame, ni mimi Salima. Ndivyo vitabu vyangu vinavyosema, usimpe kile anachokitafuta kwa njia hiyo. Macho yake yalikuwa mlangoni, na mdomo wake ulikuwa umeanza kutetemeka kwa sababu hakuna anayepokea.

Nikatoka chumbani, nikapita ukumbini, nikafika barabarani, nikasimama katikati ya kuku, nikapokea.

"Alo, mama. Nimesikia mkasi. Nakuja."

"Kuja, mwanangu," akasema, na nilisikia sauti yake mara mbili, simuni na kwenye mlango. "Kuja polepole, barabara mbaya."

Nikasubiri kidogo, muda wa mtu kutoka mbali. Kisha nikafungua kufuli, na mama akainuka kutoka kwenye kigoda, akanyoosha mikono yote miwili.

"Salima! Yoo, umefika!"

Nikamwambia ndiyo, mama, nimefika.