Jiko Namba 41

Maharage ya nyumba tatu yalikuwa motoni tangu saa mbili. Recho, aliyetoka mwaloni, kando ya ziwa wanakoshukia wavuvi, kuanika dagaa na miguu bado ina mchanga, aliinama akafunua sufuria, akabonyeza punje moja kwa kidole gumba. Ngumu. Akaongeza kikombe cha maji, akarudisha mfuniko na kuugandamiza kwa jiwe.

"Mkaa umefikia wapi leo?" aliuliza.

Agnesi, jirani yake, aliyekaa mlangoni kwake, hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Sado imepanda tena, kindoo kidogo vile. Na juu wanapanga makaa makubwa, chini vumbi tupu. Nimemwambia yule bwana, unatuuzia mkaa au wanja?"

Mkaa ndio uliowafanya wapike pamoja. Zamani kila mmoja alipika kwake, na kila nyumba ilikula sado nzima kwa siku, maana maharage hayajali wewe ni mmoja au mko kumi. Yanataka saa zake. Mkaa ulipopanda Recho akasema, jamani, tuchemshe sufuria moja. Uani kwake kulikuwa na ukuta wa kukinga upepo wa ziwa. Agnesi alikuwa na sufuria kubwa. Révérienne, aliyevuka kutoka Burundi akiwa mtoto wa mgongoni na sasa analima bondeni, alikuwa na maharage. Tangu hapo sado mbili zikatosha nyumba zote tatu, watu kumi na watano.

Ndipo ukaja mradi. Uligawa majiko, moja kila nyumba, majiko mazuri kweli, bati nje na udongo ndani, hayana ulafi: sado mbili zikawa moja. Kwenye mguu wa kila jiko walifunga kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti. Kinapima moto tu, walisema. Takwimu zake zitatufundisha kupunguza matumizi ya mkaa. Mlangoni wakabandika karatasi ya namba. Recho akawa 41, Agnesi 42, Révérienne 43.

Saa nne bajaji ilisimama nje. Alishuka kijana wa mradi aitwaye Adolf, ameshika kishikwambi, na nyuma yake Nikodemu, mtendaji wa mtaa, mkoba wa muhuri kwapani. Dereva alibaki kwenye usukani.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu. Kigoda hicho."

Adolf hakukaa. Alisogeza kishikwambi karibu na jiko, kikalia kidogo, kioo kikawa chekundu.

"Mama, jiko lako linawaka kwa saa tano kila siku. Nyumba ya kawaida ni saa mbili. Mfumo umeshaona hii ni biashara. Unauza chakula?"

"Nimuuzie nani? Huyu Agnesi ambaye hata uzi anakopa?"

"Nikope nisikope, kula nakula," alisema Agnesi.

Adolf hakucheka. "Namba 42 na 43 ndiyo kabisa, majiko ya baridi tangu Machi. Hayatumiki. Tumekuja kuyachukua yote matatu, wapewe wenye uhitaji."

Cherehani ikanyamaza. Révérienne, aliyekuwa akimenya mihogo kibarazani kwake, mlango wa tatu, alishusha kisu.

"Yoo! Turudi kwenye mafiga?"

Kwenye mafiga, sado moja isingefika adhuhuri.

Recho akaeleza. Alieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto aliyetumwa dukani: ukuta, upepo, sufuria moja, nyumba tatu. Jiko lile lilikuwa moto kwa sababu haya mengine yalikuwa baridi. Adolf alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtoto mbaya.

"Mama, nimekuelewa. Tatizo mfumo hauna mahali pa kuandika hayo. Hapa nachagua mawili tu: biashara, au uzembe."

"Weka ujirani."

"Haumo."

"Basi chombo chako kimepima moto, hakikupima walioshiba."

Nikodemu alikohoa, akamgeukia Recho. "Mama Bariki, usibishane na serikali."

"Serikali gani tena? Si mmesema ni mradi?"

"Mradi umepitia ofisini kwangu. Epua sufuria, weka saini hapa." Akatandaza karatasi juu ya kigoda.

Recho aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, midomo ikicheza. *Nimerudisha jiko kwa hiari yangu.*

"Hiari yangu iko wapi humu, Mtendaji? Naona yako."

"Epua, nimesema!"

"Hayajaiva. Watoto wanatoka shule saa nane."

"Tuanze na yale ya baridi," Adolf alisema haraka, akageukia mlango wa Agnesi.

Recho aliokota kipande cha bati. Akachota makaa ya moto chini ya sufuria ya maharage, akampita kijana yule bila kumgusa, akayamwaga kwenye jiko la Agnesi. Akarudi akachota tena. Révérienne hakungoja kuambiwa. Jiko lake alikwisha kulitoa kibarazani, anapuliza, majivu yanamrukia usoni. Wakajaza mkaa mpya. Agnesi akabandika maji matupu juu ya lake.

"Haya, mwanangu," Recho alisema. "La baridi ni lipi?"

Nikodemu alipaza sauti kwa dereva. "Gasper! Njoo upakie hivyo hivyo."

Gasper alichungulia uani, akaona majiko matatu yanawaka, akarudi nyuma hatua mbili. "Bosi, hapo umenikosa. Tenki la petroli lipo humo humo kwenye bajaji. Mkitaka bebeni kichwani."

"Kichwani, Mtendaji!" Agnesi alipiga makofi. "Ngata nitakushonea sasa hivi!"

Hata Adolf aliuma mdomo asicheke.

Wageni wakasubiri majiko yapoe. Jua likapanda. Kila moto ulipolegea, mwanamke mmoja aliongeza mkaa, na Recho aliiona sado ikishuka na moyo wake ukishuka nayo. Saa sita Adolf akapima upya. Agnesi: kijani. Révérienne: kijani.

"Haya yamepona," alisema. "Jiko la baridi likikutwa linatumika siku ya ukaguzi, haliondolewi."

"Tumeunguza mkaa wa siku mbili kuchemsha maji ambayo hakuna anayeyataka, ndipo tumekuwa watu wazuri?" Recho aliuliza.

Kijana aliinamia kishikwambi.

"Liandike na hilo."

"Hakuna mahali, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na la kwako bado ni jekundu, limeandikwa biashara. Jumatatu itabidi nirudi."

"Rudi. Utalikuta lina moto."

Recho aliokota kaa lililozima, akaenda mlangoni. Chini ya karatasi ya namba 41 aliandika kwa herufi kubwa, moja imeinama huku, nyingine kule: MOTO MMOJA. WANAKULA NYUMBA TATU. WATU 15.

"Kwenye mfumo wako hakuna mahali," alisema. "Kwangu mlango upo. Piga picha."

Adolf alimtazama mtendaji. Nikodemu alikuwa anakunja karatasi yake isiyo na saini, na alisema bila kugeuka, "Twende, bwana." Kijana aliinua kishikwambi akapiga picha. Kisha akapiga nyingine, ya sufuria.

Bajaji ilipoondoka, Agnesi alimwaga maji yake ya moto kwenye beseni, anaguna kwamba angalau atafua. Révérienne alizima mkaa ambao haujaungua wote kwa kuufukia mchanga, akautoa mmoja mmoja, akaurudisha kwenye sado. Yale makaa yaliyokuwa bado mekundu wakayabeba kwenye bati mpaka uani kwa Recho, wakayarudisha yalikotoka, chini ya sufuria moja.

Recho akafunua. Akabonyeza punje.

"Bado kidogo," alisema, akaketi kando ya jiko lake.