Mikunjo ya Doto

Pembetatu pacha, ile yenye pande mbili sawa, ndiyo iliyomponza Doto. Alisikia neno pacha, akajiona anaijua tangu tumboni. Akaenda ubaoni kwa mikogo, akaichora na kuipiga mistari mitatu ya ulinganifu, mmoja kila pembe. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu hakucheka. Alimwambia kesho aonyeshe mstari wa kweli, la sivyo anahamia darasa la jirani, la wanaorudia. Yaani atengane na Kurwa, pacha wake, ambaye tangu waanze shule amekaa naye dawati moja.

Jioni Kurwa akamshauri waibe kidogo: aende yeye ubaoni badala yake. Nani angejua? Hata baba yao huwachanganya. Doto alitamani, asikudanganye mtu, na kule kutamani ndiko kulikomtia hasira.

"Ukinijibia kesho, keshokutwa nitajibiwa na nani? Niache."

Akachukua kalenda ya mwaka jana na mkasi wa mama, akakata pembetatu zenye pande mbili sawa. Akakunja kwa kupitia pembe ya chini, ncha ikachomoza nje. Akajaribu pembe ya chini ya pili, mambo yakawa yale yale. Akakata nyingine. Alikunja, akakunjua, akasonya, mpaka mama akamuuliza kama anafungasha karanga za kuuza.

Ndipo akaishika pembe ya juu, pale pande zile mbili zinapokutana. Akakunja. Upande ukalala juu ya mwenzake, hakuna aliyemzidi mwingine hata unywele.

"Kumbe mstari unapita kwa mama yao," akasema. Kurwa alicheka hadi machozi.

Kesho yake ubaoni hakubabaika. Mwalimu akamtegea pembetatu yenye pande zote sawa. Akachora mistari mitatu, akasema hapa kila pembe ni mama wa mapacha. Akategewa isiyo na pande zinazolingana. Akasema hii haina mstari, kwa kuwa haina pacha. Mwalimu akamtazama yeye, akamtazama na yule wa dawatini.

"Sema kweli. Wewe ni Kurwa."

Ilimchoma. Angekosea, angeaminika! Akatia mkono mfukoni, akamwaga mezani vipande vyote vya kalenda, vimechakaa kwa mikunjo ya kombokombo.

"Kurwa hajui kukosea hivi, mwalimu. Haya makosa ni yangu."

Mwalimu akavikunjua kimoja kimoja, hakuharakisha. Kisha akamwambia Doto arudi akakae mahali pake, na Kurwa alikuwa ameshasogea kumpisha.